C Zote za Dikoy

Sisi watu wa Iloilo, Ufilipino, tunasifiwa kwa sauti tamu. Wenzetu wa visiwa vingine husema kwamba hata tukikufukuza nyumbani utadhani tunakubembeleza ulale. Basi niaminini nikisema kwamba Jumamosi ile nilipiga ukelele mpaka jirani akazima redio yake asikie vizuri. Aliyenitoa ukelele huo ni Krizelle, binti wa dada yangu. Alikuwa amejibu C katika maswali kumi na mawili mfululizo, na kila C aliipa sababu.

Zel, ndivyo tunavyomwita, alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingilia shule ya sheria. Ni maswali ya kuchagua, kila swali lina majibu matano kuanzia A mpaka E, na hakuna hata moja linalouliza sheria. Wanataka kujua kama kichwa chako kinaweza kuona hoja imetoboka wapi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameufanya akaanguka. Akalia siku mbili, siku ya tatu akaomba ajaribu tena.

Dada yangu Elvira, mama yake, si mtu mbaya, ila ni mtu wa mipango. Kule Winnipeg, Kanada, tuna binamu ambaye alishamtafutia Zel kazi ya kuwatunza wazee, na karatasi za safari zilikuwa tayari zimekaa kwenye bahasha juu ya friji.

"Mara moja tu tena," Elvira alimwambia. "Ukifaulu, soma mpaka uote mvi. Ukianguka, unapanda ndege, na sitaki kusikia neno."

Zel hakuwa na ugomvi na wazee wa Winnipeg. Lakini tangu akiwa wa shule ya msingi alikuwa akija kunisubiri mahakamani, anakaa benchi la nyuma akitafuna biskocho, ule mkate wetu mkavu wa sukari, macho yamemtoka kama yuko sinema. Mimi ni mwandishi wa hatimkato. Kazi yangu ni kukaa mbele ya meza ya jaji na kuandika kila neno linalotoka katika vinywa vya watu. Siku moja, akiwa na meno mawili pungufu mbele, aliniita tita, yaani dada wa mzazi, akauliza, "Tita Nening, mbona wewe husemi?" Nikamjibu kwamba silipwi kusema. Akaniambia yeye akikua atakuwa anasema. Hakubadilisha nia tena, na ukweli ni kwamba nami nililitaka jambo hilo kama lilikuwa langu.

Sasa, kile kitabu. Kilikuwa kitabu kinene cha maswali ya mazoezi, cha mpwa wangu Dikoy, mtoto wa kaka yetu, ambaye alikitumia alipokuwa anajiandaa yeye, na sasa ni wakili kule Bacolod na ana tumbo la kuthibitisha. Kwetu kitu kikimsaidia mtu mmoja kufaulu hakitupwi. Kitarithishwa kwa ndugu, kwa jirani, mpaka karatasi zichoke. Kwa hiyo Elvira alikaa jioni tatu na kifutio akafuta penseli zote za Dikoy, ukurasa baada ya ukurasa, akapuliza vumbi la kifutio, akamkabidhi binti yake.

"Kina baraka hiki," akasema. "Kimeshatoa wakili mmoja."

Na kweli kilionekana kina baraka. Zel alikaa nacho kila siku kwenye meza ya dirishani, na kila Jumamosi mimi nilisahihisha. Alama zikapanda kama unga wenye hamira. Sehemu ya kwanza alipata vizuri, ya pili vizuri zaidi, ya nne na ya tano nikawa natafuta kosa silioni. Elvira akawa anapeleka trei ya mayai kwa masista wa Mtakatifu Klara kila alama zikipanda, kushukuru. Masista wale nadhani miezi ile walikula keki mpaka wakachoka.

"Ratiba yako ya kusoma ni ipi hasa?" nikamuuliza Zel; mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenituma, maana na yeye ana kijana anayejiandaa. Zel akasema hana siri. Anasoma swali, anatulia, na jibu linamjia lenyewe.

"Linakujiaje?" nikamuuliza.

"Linajitokeza tu, Tita. Kama linaniita."

Ningeshtuka pale pale kama ningekuwa na akili ninayojidai kuwa nayo. Sikushtuka. Nilijipiga kifua nikasema damu yetu hiyo.

Ndipo ikaja sehemu ya tisa. Niliweka miwani, nikafungua majibu nyuma ya kitabu, nikaanza kusahihisha. Kosa. Kosa. Sahihi. Kosa. Kosa. Kosa. Nikatazama vizuri. Alikuwa amezungushia C kila swali, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

"Inday, binti yangu, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Tita. Kwa nini?"

"Mbona C zote?"

"Hata mimi nilishangaa," akasema, wala hana wasiwasi. "Lakini nilikagua mara mbili. Zilikuwa C kweli."

Nikamwambia anieleze. Akanieleza! Swali la nne, lile la wageni saba wanaopangwa kwenye meza ya harusi, alinithibitishia kwamba Remedios lazima akae karibu na padri. Swali la saba, la mji uliopunguza ajali kwa kupaka rangi barabara, alinijengea hoja ndefu yenye "aidha" na "hivyo basi," mkono umewekwa kiunoni kama yuko mbele ya jaji. Yote ni makosa, na yote yalikuwa matamu kusikiliza. Nimeandika maneno ya mawakili robo karne na sijasikia upuuzi uliopangwa vizuri vile.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa ubavu kupitia dirishani. Niliinua kitabu nikisogeze karibu na macho, na mwanga ukapita juu ya ukurasa wa sehemu ya kumi, ambao Zel hakuwa ameugusa bado. Nikaviona. Viduara. Havikuwa na rangi yoyote, kifutio cha Elvira kilikuwa kimemaliza kila kitu, ila karatasi ilikuwa imebonyea. Dikoy tangu akiwa mdogo aliandika kama anachimba kisima. Nikapitisha kidole juu ya swali la kwanza: B. La pili: E. Nikafungua majibu nyuma. B. E.

Hapo ndipo nilipopiga ule ukelele.

Elvira alikuja mbio na mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

"Dikoy! Yaani hajafa, ila nitamuua!"

Nikampigia simu na kuiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Tita Nening!" akaitika kwa ile sauti yake ya kiofisi. "Kuna tatizo la kisheria?"

"Sehemu ya tisa ya kitabu chako. Kwa nini ulijibu C zote?"

Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Unakumbuka na hilo? Wenzangu walikuwa wananisubiri sokoni La Paz tukale batchoy, ile supu ya tambi, Tita. Njaa iliniuma. Nikazungushia C zote nikaondoka."

"Ulituambia umemaliza kitabu chote!"

"Si nilimaliza? Kuna swali nililoliacha tupu?"

"Na zile nyingine?"

"Zile nilifanya kweli. Nikikosea, nasoma jibu nyuma, halafu nazungushia lile sahihi kwa nguvu, liniingie kichwani."

Liliingia kwenye karatasi. Nikamkatia simu bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumrushia mtu kiatu.

Zel alipitisha kidole juu ya ukurasa, akakipitisha tena, akacheka kidogo, kisha uso ukakunjamana akaanza kulia. "Kwa hiyo siwezi kitu," akasema. "Miezi yote hii nimekuwa nikisoma penseli ya kaka yangu, Manong Dikoy."

Ili tujue ukweli nilimpa karatasi mpya aliyokuwa amepewa na kituo cha matayarisho ya mtihani, ambayo hakuna mkono ulioigusa. Akaifanya kwa saa. Nikasahihisha. Alama zilikuwa zilezile za mwaka uliopita, kama vile miezi yote ile haikuwepo. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita. Elvira alitazama juu ya friji, kwenye bahasha, kisha akasema polepole, "Na mayai yale siwezi kuyadai."

Sikulala vizuri. Kilichonisumbua si vile viduara tu. Kilichonisumbua ni zile hoja zake za C. Viduara vilimwonyesha pa kwenda, sawa, lakini aliyejenga barabara ya kufika huko alikuwa yeye mwenyewe. Akishalipenda jibu, anaweza kulitetea hata kama ni jibu la kijinga. Nikakumbuka kwamba mwaka uliopita pia, tulipopitia alichokosea, kila jibu bovu alikuwa na sababu yake nzuri. Ugonjwa ulikuwa wa zamani. Dikoy alitusaidia tu kuuona.

Asubuhi nikamkuta anakunywa kahawa, macho yamevimba.

"Nisikilize, Inday. Wewe unatetea kabla hujachunguza. Nawajua mawakili wa namna hiyo. Wanaongea vizuri, na wateja wao wanakwenda jela."

"Sasa nifanyeje, Tita?"

"Kuanzia leo huchagui jibu. Hukusikia vibaya. Unaniambia ubaya wa majibu manne, moja baada ya jingine, na lile unaloshindwa kulipiga ndilo letu."

"Itachukua muda sana."

"Mwanzoni. Kwani una miadi wapi?"

Tatizo likawa maswali. Kitabu kilikuwa kimeharibika, na karatasi za kituo zilikuwa chache. Basi nikayaandika mwenyewe. Mahakamani kwangu hoja mbovu hazikauki, zinamwagika tangu saa mbili na nusu asubuhi. Nikirudi nyumbani nabadilisha majina, napiga chapa nyuma ya karatasi zilizotumika, naweka majibu matano. Lile ninalolikumbuka zaidi lilikuwa la mzee aliyemshtaki jirani kwa kumwibia jogoo wa kupigana. Ushahidi wake ni kwamba wiki ileile jogoo alipopotea, jirani alinunua sufuria kubwa; nikauliza ni jibu gani linaidhoofisha hoja yake.

"Anachukulia kwamba sufuria ina kazi moja tu," Zel akasema.

"Hilo ni jibu lipi?"

"Sijachagua, Tita. A ni mbovu kwa sababu inazungumzia bei ya sufuria, na bei haituhusu. B inaongeza nguvu badala ya kupunguza..."

Nilitaka kumkumbatia, ila nilikuwa na kalamu mdomoni.

Swali alilokosea tulilikata kwa mkasi tukalitia kwenye bati la biskuti. Baada ya siku kadhaa analichomoa bila kuchungulia anaanza upya, ubaya wa manne kwanza. Akilipata na sababu zake zikasimama, linakwenda kwenye jiko la mkaa kuwashia moto. Samaki wengi walichomwa kwa makosa ya Zel wiki zile. Elvira alipoona bati linapungua akaanza kuuliza wakati wa chakula, "Leo tunawasha na nini? Na yule mwenye jogoo?"

Jumamosi asubuhi tulifanya mtihani kamili, saa ileile ya mtihani wenyewe, viatu miguuni, bila kusimama kwenda kuangalia nani anapiga hodi. Elvira alijiteua msimamizi. Alizunguka meza na kanga ya jikoni begani, akikemea hata paka.

Lakini mafunzo hayo yalikuwa na gharama yake nyumbani. Huwezi kumfundisha mtu kutafuta tundu kwenye hoja halafu umwambie aache mlangoni.

"Usioshe nywele siku ya mtihani," Elvira alimwambia. "Utaosha na ulichosoma. Mtoto wa jirani yetu Ising hakuosha, akafaulu."

"Nanay, na wale walioanguka? Uliwauliza kama waliosha?"

"Nening! Unamsikia? Unamfundisha mwanangu ujeuri!"

"Si ujeuri, Manang," nikamwambia dada yangu mkubwa. "Amekuuliza swali zuri."

"Halafu wewe, hebu niambie. Anayefanya mtihani ni nani hasa? Kila jioni nakukuta umeinamia hayo makaratasi unacheka peke yako kama mwali aliyepata barua. Yeye keshalala, wewe bado unabishana na jogoo."

Nilimwambia asinisumbue, nina kazi. Ila ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiamka na swali kichwani. Nilikuwa nikiandika maneno ya wakili fulani mahakamani huku moyoni nasema, hapo umeruka, bwana, hapo pana shimo. Sikuwahi kufurahi hivyo kazini tangu nilipoajiriwa.

Siku ya mtihani ikafika. Zel alitoka chumbani nywele zimebanwa, hazijaoshwa.

"Hoja yako bado mbovu, Nanay," akambusu mama yake. "Lakini sitaki tukosane leo."

Alirudi mchana akiwa na njaa tu. Sikuthubutu kumuuliza. Mwenyewe akasema, "Kulikuwa na swali moja, Tita, C iliniita kabisa. Kwa sauti."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitafutia ubaya. Nikaupata."

Tukaingia kwenye kusubiri, na kusubiri kulikuwa kubaya kuliko kusoma. Elvira hakupeleka mayai safari hii. Alisema anaona haya kwa masista. Bahasha ikaendelea kukaa juu ya friji, na kila aliyefungua friji aliinamisha macho.

Matokeo yalitoka siku ya kazi, mimi nikiwa katikati ya kesi ya mpaka wa shamba. Shahidi alikuwa anaeleza habari za mnazi ambao kila upande ulidai ni wake. Simu yangu ilikuwa mapajani, imezimwa sauti, jambo ambalo haliruhusiwi na ambalo sijawahi kulifanya. Ikatetemeka. Nikachungulia. Kulikuwa na neno moja tu kutoka kwa Zel, nimefaulu, na mimi nikaropoka kwa sauti ukumbi mzima ukasikia.

"Amefaulu!"

Shahidi akanyamaza. Mawakili wakageuka. Jaji akashusha miwani, akanitazama kutoka juu kule, mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kusikia sauti yangu ndani ya ukumbi.

"Bi Nening," akasema taratibu, "nani amefaulu?"

"Mtoto wetu, mheshimiwa. Shule ya sheria."

"Na umeliandika?"

Nikatazama mashine yangu. Mkono ulikuwa umeandika wenyewe, kwa mazoea, katikati ya mnazi na shahidi: amefaulu. Ukumbi ukacheka. Jaji akasema libaki hivyo hivyo, halijamdhuru mtu, na kesi ikaendelea. Nililia machozi huku nikiandika habari za mnazi, na sikuruka neno hata moja.

Hakuwa wa kwanza wala wa kumi. Alama zake zilikuwa za kutosha na zilizidi kidogo. Shule ya sheria ya hapa mjini ikamchukua. Elvira alishusha bahasha kutoka juu ya friji, akaitazama, akaipasua katikati, kisha akapeleka mayai trei tatu kwa mpigo.

Jumapili tukafanya karamu. Dikoy alivuka bahari kutoka Bacolod na keki ya kuomba msamaha, ambayo juu yake aliagiza waandike C kubwa ya sukari. Tukamla nyama kwa maneno mchana kutwa. Tulipomaliza kula Zel aliingia ndani akatoka na kile kitabu kinene, kimefungwa utepe, akaniwekea mapajani.

"Nikifanyie nini?" nikamuuliza. "Mpeni mtoto wa Dikoy."

"Mtoto wangu yuko chekechea," Dikoy akasema.

"Ni chako, Tita," Zel akasema. "Cha mtihani wa mwaka kesho."

Nikacheka. Nikatazama kama kuna mwingine anayecheka. Hakuna. Elvira alikuwa anakwangua sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na moja," nikasema. "Nimeajiriwa. Nina miguu inayovimba."

"Una shahada," Zel akasema. "Imekaa kwenye fremu sebuleni tangu sijazaliwa. Na masomo ya jioni yapo."

"Na mtihani je? Hiki kitabu kimeoza! Mmesahau? Kila jibu limebonyea humo!"

"Kifungue basi."

Nikakifungua katikati, nikakiinua kwenye mwanga, nikapitisha kidole juu ya swali la kwanza nililoliona. A ilikuwa imebonyea. B imebonyea. C imebonyea, D, E, zote, kina kimoja. Nikageuza ukurasa. Zote. Nikarudi mwanzo, nikaenda mwisho. Yule mtoto alikuwa amekaa na penseli akazungushia kila herufi ya kila swali la kitabu kizima kwa nguvu, kisha akafuta, ili kidole changu kisipate pa kushika. Zile siku zote za kusubiri matokeo, tulipodhani amejifungia chumbani kwa wasiwasi, alikuwa anafanya hivyo. Hakuwa anajua hata kama yeye mwenyewe amefaulu.

Nilitaka kulia, nikaona aibu mbele ya Dikoy, kisha nikalia hivyo hivyo. Elvira akanisukumia leso ya karatasi na kusema kwamba yeye alijua tangu siku ya jogoo.

Nilipofuta miwani nikaomba penseli. Nikageuza mpaka ukurasa wa kwanza, nikasoma swali, nikalisoma tena. Lilikuwa swali zuri. Nikaliona jibu mara moja, D, na mkono ukaanza kwenda.

Zel akanishika kiganja.

"Usichague kwanza, Tita," akasema. "Niambie ubaya wa zile nne."